Vifaranga vya Gapi Ghorofa ya Tatu

Daktari alinishona shingo ya kizazi nikiwa na mimba ya wiki kumi na nne, kisha akanipa sharti moja tu: nilale.

"Nilale vipi, daktari?"

"Ulale. Chooni utaenda, kuoga utaoga umekaa kwenye stuli. Zaidi ya hapo, kitandani. Usiinue ndoo, usichuchumae, usipande ngazi."

Nilimwelewa vizuri. Mimba mbili za kwanza nilizipoteza, zote katika mwezi wa tano, zote bila maumivu ya kunipa tahadhari. Shingo ya kizazi ilikuwa inalegea mtoto akianza kuwa mzito. Ile ya pili ilitoka nikiwa nimekaa kwenye cherehani, napinda ukingo wa pazia la mteja. Kwa hiyo hii ya tatu, ningeambiwa nisimame kwa mkono mmoja miezi sita, ningesimama.

Tuliishi Kariakoo, upande wa Msimbazi, vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu. Mimi ni fundi mapazia. Kazi yangu ilikuwa palepale chini, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mume wangu anauza vipuri vya magari Gerezani. Siku niliyotoka hospitali, yeye na mwenzake wa dukani walinikalisha kwenye kiti cha plastiki wakanipandisha ngazi kama bibi harusi, watu wakitupisha. Mlangoni alikuwa anatusubiri mama yake, aliyehamia kwetu kutoka Magomeni na begi moja na mswala wake.

"Mama, naomba kitu kimoja," mume wangu alimwambia siku ileile, mimi nasikia. "Usimwache peke yake. Hata dakika tano."

"Sitamwacha," alisema mama mkwe. "Naapa."

Mama mkwe ni mwanamke mnyoofu. Hacheki ovyo, hasemi sana. Alinipikia uji wa ulezi, akanigeuza, akanipaka mafuta mgongoni palipoanza kuchubuka. Lakini kulala mchana kutwa ukiwa mzima ni adhabu. Wiki ya tatu mume wangu alirudi akanikuta nalia, akaniuliza kuna nini. Nilimwambia nimehesabu nondo za dirisha mpaka zimenichosha. Kila nikihisi kitu chochote tumboni, hata gesi, nilishika shuka nikasubiri damu.

Yeye si mtu wa maneno ya kufariji. Siku mbili baadaye alikuja na tangi la kioo, amelikatisha kwa fundi vioo jirani na duka lake, akaligandisha mwenyewe kwa silikoni. Urefu wake kama mkono mzima kutoka begani. Aliliweka juu ya meza, mkabala na kitanda changu, akatandaza changarawe chini, akajaza maji.

"La nini?" nikamuuliza.

"Utaona. Kwanza likae. Nimeambiwa maji yapate kuzoea."

Likakaa wiki mbili na maji matupu na majani fulani ya kijani, na pampu ndogo ya hewa ikipuliza mapovu kupitia sponji. Mama mkwe alipita mbele yake kila siku akiguna. "Nyumba ya mgonjwa, mnafuga mbu."

Aliyetuletea samaki ni jirani wa ghorofa ya pili, mama wa Kihindi, mjane, aliyezaliwa katika jengo lilelile na kuzeekea humo. Alikuwa na matangi mawili sebuleni, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alipanda ngazi taratibu, ameshika mfuko wa nailoni wenye maji, ndani yake gapi wanne, samaki wadogo wa mapambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Usiinuke, usiinuke. Hawa watatu wakubwa ni majike. Huyu mwenye mkia wa rangi ni dume. Dume mmoja kwa majike watatu, maana ukimpa jike mmoja atamsumbua mpaka afe."

Mama mkwe akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aje.

Jirani aliuacha mfuko uelee ndani ya tangi kwa muda, samaki wazoee joto la maji, kisha akawaachia. Akaniachia na masharti, maana kila mtu wakati ule alinipa masharti. Maji ya bomba yana dawa, yalale siku mbili kwenye ndoo wazi kabla ya kuongezwa. Ya kisima chetu, yenye chumvi kidogo, gapi hajali. Chakula, kile wanachoweza kukimaliza kabla hujamaliza kunywa kikombe cha chai, basi.

"Na hawa hawatagi," alisema. "Wanazaa. Angalia hapa karibu na mkia, unaona doa? Likiwa jeusi sana na tumbo likiwa la pembe kama boksi, siku zake zimefika."

"Wewe unawala?" mama mkwe akamuuliza.

"Mimi samaki sili kabisa. Naishi nao tu."

Tangu siku ile nikawa na kazi. Nilijua jike mkubwa anapenda kukaa nyuma ya sponji, na wa kijivu anakula kwa pupa. Nilimwona dume akitandaza mkia mbele yao mchana kutwa bila kuchoka. Jike mkubwa ndiye aliyekuwa na doa jeusi zaidi. Tumbo lake lilikua kila siku, nami nikamwangalia kwa macho ambayo sasa nikiyakumbuka naona hayakuwa mazuri. Nilikuwa naingia wiki ya ishirini. Wiki ya ishirini na moja ndiyo iliyokuwa imenishinda mara zote mbili.

Alizaa wiki hiyohiyo, asubuhi baada ya mume wangu kuondoka. Niliona kitu kimedondoka kutoka chini yake, kimejikunja kama chembe ya mchele, kikajinyoosha, kikaogelea. Nikapiga kelele.

"Mama! Njoo uone, anazaa!"

Mama mkwe alikuja na mwiko mkononi. Tuliangalia pamoja. Akatoka wa pili, wa tatu. Walikuwa na macho tu na uzi wa mkia. Ndipo jike yule akageuka, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, akamla yule wa tatu. Kisha wa kijivu akaja mbio akawala wengine. Kila aliyetoka aliliwa. Niliwapigia kioo kwa kitana, nikawarushia mto, ukadondoka sakafuni. Wawili tu walijificha kwenye majani, na hao nao mchana sikuwaona tena.

Mama mkwe alichukua kanga akalifunika tangi lote.

"Linatoka leo," alisema.

"Mama, ndivyo walivyo. Ni samaki."

"Najua ni samaki. Mwanamke mwenye mimba hatazami kitu kinachokula watoto wake. Na wewe si mwenye mimba wa kawaida."

"Likitoka nitaangalia nini?"

"Utaangalia ukuta. Mimi niliangalia ukuta."

Sikujua ana maana gani na sikumuuliza. Jioni walibishana na mwanawe jikoni, mlango umefungwa. Nilisikia sauti ya mume wangu ikisema, "Mama, hizo ni imani tu," na sauti ya mama ikijibu, "Ukipoteza wa tatu utaniambia imani." Tangi likabaki, lakini kanga nayo ikabaki juu yake siku nne. Siku nne zile nililala upande mmoja, mikono katikati ya mapaja, nasikia mapovu nisiyoyaona. Siku ya tano wiki ya ishirini na mbili ikaingia. Nilinyoosha mguu, nikaivuta kanga kwa vidole vya mguu mpaka ikaanguka. Mama mkwe aliikuta sakafuni, akaikunja, akaiweka begani.

Jirani ndiye aliyenieleza nilichokosea.

"Hukumtenga. Mama gapi anatengwa kabla hajazaa, anawekwa ndani ya neti yenye matundu. Akishazaa unamtoa, watoto wanabaki. Dukani wanauza vikapu vyake."

Mimi kununua neti? Nilimtuma mtu kwa mwenzangu kule kibarazani aniletee kipande cha neti ya pazia, ile laini nyeupe, na waya wa kupindia. Nilishona kikapu nikiwa nimelala, kwa mkono, mshono wa kurudi ili usifumuke. Kilikuwa na ukubwa wa kopo la maziwa. Tulikibana ukingoni mwa tangi kwa vibanio vya nguo, nusu yake ndani ya maji. Niliona raha ambayo sikuwa nayo tangu nilipoacha cherehani.

Wa kijivu akazaa wiki ya ishirini na tano, ndani ya kikapu. Mume wangu alikuwepo, akamtoa mara tu alipomaliza. Vifaranga walikuwa kumi na tisa. Tuliwapa kiini cha yai la kuchemsha, tumekisugua kwenye kitambaa mpaka kikawa kama unga, kiasi cha ncha ya sindano, na hawakuliwa na mtu. Mama mkwe aliwatazama mara moja akaenda kuswali.

Sasa hapa naomba nieleze pampu, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Mwanzo ilikaa kwenye ubao juu ya tangi, ikitetemeka na kunguruma karibu na kichwa changu. Nililalamika mimi. Nilisema inanitia wazimu. Mume wangu akaishusha sakafuni, chini ya meza, juu ya tambara, na mpira wake mwembamba ukapanda kutoka pale mpaka ndani ya tangi. Kelele zikaisha.

Asubuhi moja, wiki ya ishirini na sita, mama mkwe alisimama mlangoni amejitanda buibui.

"Nashuka hapo chini mara moja," alisema. "Chupa ya maji hiyo hapo. Simu hiyo hapo."

"Sawa, mama."

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nilijiambia amekutana na mtu. Karibu na saa sita umeme ukakatika. Feni ikasimama, mapovu yakasimama. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, sikujali. Nikafumba macho.

Nilichosikia ni sauti ya maji yakidondoka, kisha yakichuruzika. Nikafikiri ni bomba la jikoni. Nilipofumbua macho niliona sakafu inang'aa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye pampu. Umeme ulipokuwepo, hewa ilikuwa inayasukuma maji yasirudi. Ulipokatika, maji yaliingia kwenye ule mpira, yakapanda, yakavuka ukingo, na pampu ikiwa chini yakawa yanashuka yenyewe. Tangi lilikuwa linajimwaga. Na kwenye sakafu ileile ilikuwepo ekstensheni, plagi zote ndani yake, maji yakiisogelea taratibu. Umeme ungerudi wakati wowote.

Nikampigia mume wangu. Iliita mpaka ikakatika. Gerezani kuna makelele ya kugonga vyuma, hasikii simu. Nikapiga tena. Nikampigia jirani wa chini. Haikupokelewa, nikakumbuka aliniambia asubuhi ile anaenda hekaluni. Nikampigia mama mkwe. Simu yake ikaita jikoni.

Nikaita kwa sauti dirishani. Chini Kariakoo ilikuwa inanguruma kama kawaida yake, spika za matangazo, mikokoteni, mtu anauza mashuka kwa kipaza sauti. Nani angenisikia?

Niliangalia kikapu cha neti. Maji yalikuwa yanashuka, na kikapu kimebanwa pale juu kwa vibanio hakishuki. Vifaranga walikuwa wamejazana kwenye kina cha kidole kimoja, wakirukaruka. Nilimwambia mtoto tumboni, "Tulia. Nina hatua nne tu." Nikakaa kitako. Nikasimama.

Nilichomoa ekstensheni ukutani kwanza. Kisha nikauvuta mpira kutoka majini, nikaufunga kwenye nondo ya dirisha kwa kipande cha uzi. Maji yakakoma. Vyote hivyo nilivifanya nimesimama wima, taratibu, sina maumivu. Kikapu kilikuwa kimebaki hewani, kinadondosha tone la mwisho. Nikakibandua, nikakibeba hatua mbili mpaka kwenye ndoo ya maji yaliyolala iliyokuwa karibu na mlango, nikakitumbukiza. Wakaogelea. Ningerudi kitandani hapo.

Lakini watatu walikuwa wamenasa kwenye mshono. Ule mshono wangu wa kurudi, imara, wenye mikunjo. Walikuwa wamelala ubavu, juu ya maji, midomo inafumbuka na kufumba. Nikachuchumaa. Nililowesha kidole nikamsukuma mmoja, akashuka. Wa pili akashuka. Wa tatu hakutoka, mkia wake ulikuwa umeingia kwenye tundu la neti, nami nikaendelea kuhangaika naye, sijui kwa muda gani, dakika mbili, tatu. Alipotoka, tumbo langu lilikaza lote kwa pamoja, likawa gumu kama ubao. Kisha nikahisi uvuguvugu pajani.

Nililala palepale sakafuni kwenye maji, miguu nimeiegemeza ukutani. Sikupiga kelele. Niliogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu.

Mama mkwe alinikuta hivyo. Nilisikia kandambili zake ngazini, zikipanda haraka, kisha akasimama mlangoni. Mkononi alikuwa na chupa ya maji ya manjano. Niliijua. Ilikuwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa, dawa ya kunywa. Kombe haliuzwi dukani pale chini. Alikuwa ameenda Magomeni.

Chupa ilimponyoka. Alikimbilia dirishani akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo, na wanaume wa duka la vitambaa wakapanda. Walinibeba kwenye shuka. Ndani ya bajaji alikipakata kichwa changu, akaniinamia sikioni.

"Nilimwahidi," alisema. "Nilimwapia mwanangu. Nilikwenda kwa shehe wetu, nikasema nitawahi, foleni ikanikamata."

"Mama, mimi nimesimama. Nimechuchumaa. Kwa ajili ya samaki."

Tukatazamana. Bajaji ilikuwa inapiga honi bila kukoma.

"Utasema ulikuwa unaenda chooni," alisema.

"Na wewe ulikuwa dukani."

"Nilikuwa dukani. Nanunua tangawizi."

Ndivyo tulivyosema, mimi na yeye, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mume wangu aliyefika hospitali na grisi mikononi. Uzi ulikuwa umeshikilia. Daktari alisema hivyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikumsikia. Damu ilikuwa kidogo, lakini tumbo lilikuwa linakaza kila baada ya dakika chache, kwa hiyo wakanitundikia dripu, wakanichoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto endapo angetoka, wakainua upande wa miguu wa kitanda. Usiku na mchana nilihesabu mikazo. Siku ya pili ikapungua. Siku ya tatu ikakoma.

Siku hiyo ya tatu mume wangu alikuja saa ya kutazama wagonjwa, akakaa, hakusalimia.

"Nani aliufunga mpira kwenye nondo?"

Nikaangalia dripu.

"Nimeikuta pampu imejaa maji. Nimekuta tangi limebaki robo. Ekstensheni imechomolewa. Ndoo ina samaki. Mtu anayeenda chooni hafungi mpira kwenye nondo kwa uzi wa cherehani."

"Ni mimi."

Aliinamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili. Nilidhani atanifokea, na ningefurahi angefoka. Aliinuka akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Alikuja siku ya tatu na machungwa, akayamenya yote, sita, akayapanga juu ya kitambaa, ndipo akasema, "Muuzaji wa pampu aliniambia niiweke juu ya tangi. Alinionya. Alisema ikikaa chini maji yatarudi. Nikaona kelele zitakuondolea usingizi, nikasema umeme ukikatika kutakuwa na mtu."

"Nililalamika mimi."

"Wewe ulikuwa unaumwa. Mimi niliambiwa."

Kuhusu mama yake hakuuliza. Aliamini tangawizi.

Kuhusu samaki sikuuliza mimi. Nilijua mama mkwe amepata nafasi aliyoitaka, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Kila mchana aliniletea uji kwenye chupa ya chai, akanisubiri nimalize, akaondoka. Baada ya siku tisa hivi, akiwa anafunga kifuniko cha chupa, alisema bila kunitazama:

"Kile kiini cha yai unawapa kiasi gani? Maji yamekuwa meupe."

Nilimwangalia.

"Wamekufa wanne," alisema. "Nimewazika kwenye kopo la maua la jirani."

"Mama, unawapa mara ngapi?"

"Mara tano. Wana njaa. Wanakuja juu wakiniona."

"Mara tatu, mama. Kiasi cha ncha ya sindano. Chakula kikizidi kinaoza, kinachafua maji."

Jioni nilimwelekeza kwa simu jinsi ya kubadili maji: afyonze mpira kwa mdomo, aushushe upesi kwenye ndoo. Nilimsikia akifyonza, kisha akitema, kisha "Astaghfirullah!" kwa nguvu hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Nilicheka nikaogopa, nikashika tumbo. Halikukaza.

Nilikaa hospitali mpaka wiki ya thelathini na nne. Hakuna wiki niliyolala vizuri. Kila asubuhi muuguzi alipoweka kifaa cha kusikiliza tumboni kulikuwa na kimya kidogo kabla hajapata mapigo ya moyo, na ndani ya kimya hicho nilizeeka. Kisha alfajiri moja chupa ikapasuka, wakaukata uzi, na kabla ya adhuhuri nikajifungua msichana. Hakufika kilo mbili. Alilia mara moja, kama paka, wakamchukua. Alikaa chumba cha watoto njiti siku kumi na mbili, nikimkamulia maziwa kwenye kikombe, tone kwa tone. Siku ya kumi na tatu tukarudi nyumbani. Nilipanda ngazi kwa miguu yangu mwenyewe, nikipumzika kila ghorofa, na mama mkwe nyuma yangu amembeba mtoto.

Tangi lilikuwa safi. Pampu ilikuwa juu ya ubao, inanguruma. Vifaranga kumi na mmoja waliobaki walikuwa wakubwa tayari, na madume wameanza kutoa rangi ya chungwa mkiani. Mama mkwe alinitambulisha kwao mmoja mmoja, huyu mlafi, huyu mwoga, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Alikaa nasi mpaka arobaini. Jioni ya arobaini, wageni walipoondoka, aliniambia jikoni, "Nataka kumwambia."

"Usimwambie, mama. Imeshapita."

"Wewe ulisema yako. Mimi ninaswali na uongo kifuani, siwezi." Alikuwa anasuuza sahani moja ileile. "Mimi nilipoteza mmoja kabla ya huyu mumeo. Nilikuwa nimeachwa peke yangu chumbani. Aliyeniacha alisema anarudi sasa hivi. Nikaangalia ukuta."

Aliingia chumbani, akakaa mkekani mbele ya mwanawe, akamwambia yote: Magomeni, shehe, kombe, foleni, tangawizi. Mimi nilisimama mlangoni na mtoto. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akavaa viatu, akatoka. Mama mkwe alifunga begi lake usiku huo, asubuhi akaondoka kabla hatujanywa chai.

Wiki tatu mume wangu hakumpigia simu mama yake. Nilimwambia mara moja tu, "Alienda kutuombea," akanijibu, "Najua alikoenda." Nilimpigia mimi, kila siku, nikamweleza mtoto amenyonya vipi, gapi gani ana doa jeusi. Hakuwahi kuniuliza habari za mwanawe.

Wiki ya nne, siku ya Jumapili, mume wangu alinyoa ndevu, akamchukua mtoto akamfunga begani kwa kanga, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Magomeni," alisema. "Wewe pumzika."

Walirudi baada ya magharibi. Mtoto alikuwa amepakwa wanja na ananukia udi. Sikumuuliza walizungumza nini. Alivua viatu, akaosha mikono, akaenda kuwalisha samaki.